KITAMBAA CHENYE MANENO NI USHAHIDI: KISOMENI KABLA YA KUKIVAA

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeonelea tulizungumzie jambo ambalo waumini wa misikiti yetu ya Visiga, Mlandizi na vijiji vya upande wa Kisarawe wamekuwa wakituuliza tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Wazazi wanauliza: je, inafaa kijana wa Kiislamu kubeba bango la kulalamikia dhulma? Akina mama wanauliza: je, kuna ubaya gani kuvaa kanga ya mgombea iliyogawiwa bure? Na wapo ndugu zetu wa da'wa ambao wamekwisha kuyajibu maswali yote mawili kwa neno moja, kwamba mabango, sare na maigizo ya barabarani ni kuiga watu wa Magharibi, basi tusijishughulishe nayo.

Jawabu letu tunaliweka wazi tangu mwanzo. Kitambaa kilichoandikwa maneno, kikavaliwa au kikainuliwa mbele ya watu, ni ushahidi. Na aliyekivaa au kukiinua ndiye shahidi. Hivyo basi hukumu yake ni hukumu ya ushahidi. Ukiwa wa kweli ni haki ya mtu, na pengine ni wajibu wake. Ukiwa wa uongo ni dhambi. Na ukiwa umenunuliwa, hiyo ni rushwa, japokuwa bei yake ni doti moja ya kanga.

Si jambo la kuiga

Wanaodhani kwamba kusema kwa kitambaa kumeletwa na wageni hawaijui pwani yao. Tangu karne ya 19 wanawake wa Unguja, Mombasa na mwambao wote huu wamekuwa wakivaa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Hapo zamani jina la kanga lilichapwa kwa herufi za Kiarabu, zile zile tunazowafundisha watoto chuoni, na baadaye ndipo zikaja herufi za Kilatini. Mwanamke ambaye hakuwa na nafasi ya kusema barazani alijitanda maneno yake akapita barazani, na aliyekusudiwa alielewa.

Wala hayakuwa maneno ya jirani na mke mwenza peke yake. Mwaka 1897, ilipofutwa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha kaniki, kile kitambaa cheusi kilichowatambulisha kuwa ni watumwa, wakavaa kanga za rangi na maua. Hawakuitisha mkutano wala hawakutoa hotuba. Walibadili nguo, na kila aliyewaona njiani alijua wamesema nini: kwamba wao sasa ni waungwana kama waungwana wengine.

Huku kwetu bara, pamba ilisema kabla haijawa kitambaa. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa sehemu hizi, Uzaramo ikiwemo, kulima mashamba ya pamba ya pamoja kwa malipo duni. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wenyeji waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Lilikuwa ni tendo dogo kwa kuliangalia, lakini lilikuwa ni tangazo, na kila upande ulilielewa hivyo. Vita vya Maji Maji vikafuata. Miongoni mwa waliolipa kwa roho zao ni Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, aliyenyongwa na Wajerumani, na ambaye jina lake limebaki katika shule ya sekondari pale Dar es Salaam.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanachama wanawake, Bibi Titi Mohamed hakuanzia maofisini. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kiitwacho Bomba. Vikundi vile vilikuwa na viongozi wao, nyimbo zao na sare zao. Akina mama wale, wengi wao Waislamu wa Dar es Salaam ambao hawakupata elimu ya shule, waliingia katika siasa wakiwa wamevaa sare na wakiimba, na wakoloni walijikuta wanakabiliana na umma ambao hawakuujua. Hatusemi kwamba kila kilichofanyika katika ngoma zile kinakubalika katika mizani ya sheria yetu. Tunachosema ni kwamba anayedai kuwa mwanamke wa pwani amefundishwa na Wazungu kupinga dhulma kwa nguo na kwa sauti, huyo hajaisoma historia ya mama yake.

Na kwa wale ambao nyoyo zao ziko Palestina, na waumini wengi wa misikiti hii wako hivyo, wazingatie jambo hili. Baada ya mwaka 1967 Israel ilipiga marufuku bendera ya Palestina katika ardhi ilizozikalia, na marufuku hiyo iliendelea mpaka mwaka 1993. Intifadha ya kwanza ilipoanza Desemba 1987, wanawake wa Kipalestina walichukua sindano na nyuzi, wakazitarizi rangi za bendera na ramani ya nchi yao katika magauni yao. Askari aliweza kuishusha bendera kutoka kwenye nguzo. Kuivua kutoka mwilini mwa mama wa watu lilikuwa jambo jingine.

Jirani aliyetoa vyombo vyake njiani

Sasa tuje katika dalili. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kisa cha mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akimlalamikia jirani yake anayemuudhi. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha asubiri. Mtu yule akarudi tena na tena. Ndipo Mtume (s.a.w.) alipomwelekeza atoe vyombo vyake vya nyumbani avitupe njiani. Akafanya hivyo. Watu wakawa wanapita wakimuuliza ana nini, naye anawaeleza habari ya jirani yake, nao wanamlaani yule mkosaji. Hatimaye jirani mwenyewe alikuja akamwomba arudishe vyombo vyake ndani, na akaahidi kwamba hataona tena kutoka kwake jambo la kumchukiza.

Ndugu msomaji, hebu tukitafakari kisa hiki. Aliyedhulumiwa hakupewa upanga. Hakuamrishwa kuvunja mlango wa jirani. Aliamrishwa kuifanya dhulma ionekane, mahali ambapo kila mpita njia ataiona, ili aibu imrudie mwenye kuitenda. Hilo, kwa lugha ya leo, ni onyesho la malalamiko barabarani. Na ndani yake mna masharti matano ambayo ni mizani tosha kwa zama zetu.

La kwanza, subira ilitangulia: mlalamikaji alikwenda kwanza kwa mwenye mamlaka, na si mara moja. La pili, malalamiko yalikuwa ya kweli. La tatu, vyombo alivyotoa ni vyake. Hakugusa mali ya mtu. La nne, hakuna aliyejeruhiwa. La tano, lengo lilikuwa suluhu, na mkosaji alipoahidi kuacha, mlango wa kurudi katika ujirani mwema ulikuwa wazi.

Tunajua kwamba wapo wanazuoni wakubwa wa zama hizi, hususan wa Hijazi na Najdi, waliokataza maandamano. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tumezisoma fatwa zao na tunawaheshimu. Lakini msomaji wa fatwa hana budi kutazama sababu yake. Sababu waliyoitaja ni fitna, umwagaji wa damu na kumtoka kiongozi. Hapa kwetu kiongozi mwenyewe ameapa kuilinda Katiba ya mwaka 1977, ambayo ibara yake ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani. Katiba ni ahadi baina ya mtawala na mtawaliwa. Anayelalamika kwa amani ndani ya ahadi hiyo hakumtoka mtu. Amemkumbusha mwenzake mkataba. Na wanaosema kitambaa chenyewe ni bidaa, tunawauliza: kile kitambaa tunachofunga baina ya miti miwili pale sokoni kutangaza mhadhara kina hukumu gani? Njia hufuata hukumu ya lengo lake. Hii ni kanuni wanayoijua hata wanafunzi wetu wa mwaka wa pili.

Kanga ya bure

Tunakuja katika lile swali la akina mama, ambalo wengi hulidharau ilhali ndilo linalogusa nyumba nyingi zaidi. Kila baada ya miaka mitano magari ya kampeni huingia vijijini mwetu, na kutoka ndani yake hutoka fulana, kofia na kanga. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China kando ya barabara hii hii ya Morogoro inayopita Visiga, kilikusudiwa kumvisha Mtanzania. Hakukusudiwa mtu avishwe kauli ambayo si yake.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima. Neno hili ni la Kiarabu, na asili yake ni kukirimu. Likachukuliwa neno la heshima likavishwa jambo lisilo na heshima. Mashirika ya kiraia, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Pamoja na yote hayo, mwananchi wa kawaida bado anaona kwamba msimu wa kampeni ni msimu wa kuvaa bure.

Sisi tunasema hivi. Anayevaa nguo ya chama au mgombea kwa kuwa ameisoma kauli yake, ameipima na ameikubali, huyo ametoa ushahidi, na hesabu yake ni kwa Mola wake. Lakini mwenye kuvaa kwa sababu amepewa, naye moyoni anamlaumu aliyempa, huyo ameukodisha mgongo wake. Wapita njia wanausoma mgongo ule na wanahesabu: fulani yupo pamoja nasi. Mgombea anahesabu. Wazee wa mtaa wanahesabu. Kisha visima vikikauka na zahanati ikikosa dawa, mwenye mgongo hana la kusema, kwa kuwa amekwisha kusema.

Liko jambo jingine linalotuhusu misikitini moja kwa moja. Tumeona katika safu za Swala watu wamevaa fulana na kanga zenye sura za wanasiasa, na tumeona jeneza la Muislamu limefunikwa kanga ya kampeni. Imepokelewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa na nguo yenye mapambo, yakamshughulisha, na baada ya Swala akaamrisha nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo isiyo na mapambo. Ikiwa mapambo matupu yalitosha kumshughulisha mbora wa viumbe, vipi kuhusu uso wa mtu anayeomba kura, ukiwa mgongoni kwa anayeswali mbele yako? Maimamu walikemee hili, na wasikemee rangi moja wakaiachia nyingine.

Bango la malalamiko

Kwa mizani ile ile ya jirani na vyombo vyake, tutazame mifano ya zama zetu.

Mwezi Agosti 2024 Wamasai wa Ngorongoro, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, walitoka kwa maelfu wakiwa katika mashuka yao, wakasimama na mabango katika barabara wanayopita watalii. Kata na vijiji vyao vilikuwa vimefutwa katika orodha ya serikali, na hivyo walihofia kupoteza hata haki ya kupiga kura. Walikaa pale siku kadhaa. Mahakama ilisimamisha ile amri, na serikali ikatuma wajumbe kwenda kuwasikiliza. Hawa walitoa vyombo vyao njiani, wapita njia wakauliza, na jirani akaja kuzungumza. Hatusemi kwamba matatizo yao yamekwisha. Tunasema kwamba njia ilikuwa sahihi.

Mwezi Mei 2013 jijini Nairobi, Boniface Mwangi na wenzake waliwapeleka nguruwe na damu mbele ya Bunge kupinga wabunge waliotaka kujiongezea mishahara. Dai lao lilikuwa na haki, na dunia nzima ililiona. Lakini Muislamu hana ruhusa ya kuchezea najisi, kutesa mnyama, wala kumfananisha binadamu na mnyama, hata binadamu huyo akiwa ni mbunge mlafi. Onyesho linaweza kuwa na shabaha sahihi na mshale mchafu. Kijana wetu achukue shabaha na auache mshale.

Na hapa nchini, tarehe 24 Januari 2024, wafuasi wa CHADEMA waliandamana Dar es Salaam na mabango yao kupinga miswada ya sheria za uchaguzi. Polisi waliwasindikiza, na watu wakarudi majumbani mwao. Hakuna aliyezikwa kwa sababu ya maandamano yale. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Yalikuwepo maandamano, ulikuwepo uharibifu wa mali, risasi zilipigwa, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Roho za watu zikapotea, na mpaka leo idadi yao inagombaniwa.

Nchi ni ile ile, na siasa ni zile zile. Basi mwenye akili ajiulize ni nini kilichobadilika kati ya Januari ile na Oktoba hii. Sisi tunaona kwamba bango likiachiwa njia, hasira hupata mahali pa kuandikwa. Bango likichanwa, hasira haichaniki pamoja nalo. Hutafuta njia nyingine, na njia hiyo aghlabu haina maneno. Anayemzuia mtu kuinua kitambaa ajue kwamba hakuzima lalamiko, ameliondolea ulimi tu. Na anayechoma duka la mnyonge mwenzake kwa jina la haki ajue kwamba ametoka katika kisa cha jirani na vyombo vyake. Ametoa vyombo vya mtu mwingine akavitia moto. Hawa wawili hatuwaweki katika mizani moja, kwani roho ya mtu haina thamani sawa na kioo cha duka. Lakini wote wawili watasimama mbele ya Hakimu asiyefichwa jambo.

Nasaha zetu

Kwa wazazi: msiwafundishe watoto wenu kwamba kunyamaza mbele ya dhulma ni adabu. Wafundisheni kuandika kwa ukweli na kulalamika bila kutukana. Kijana akitaka kuandika bango, na aliandike kwa namna ambayo hataona haya kulisoma Siku ya Kiyama. Na akijua kwamba mahali fulani pana silaha na hakuna ahadi ya usalama, basi kumhifadhi nafsi yake ni katika sheria pia.

Kwa akina mama: kanga ni yenu, na jina lake ni sauti yenu. Kabla ya kujitanda, someni. Mkipewa msiyoikubali kauli yake, irudisheni. Na kama chumbani hamna nguo nyingine, basi tatizo ni umasikini uliowafikisha hapo, na hilo ndilo la kumuuliza mgombea.

Kwa maimamu na waalimu: mimbari isiwe mahali pa kuwalaumu wenye mabango Ijumaa hii na kuwapokea wenye magari ya kampeni Ijumaa ijayo. Waumini wanasoma migongo yetu nasi pia, hata kama tumevaa kanzu nyeupe zisizo na maandishi.

Kwa wenye mamlaka: katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, bendera ilishikwa na Zaid bin Haritha mpaka akauawa, ikashikwa na Jaafar bin Abi Talib mpaka akauawa, ikashikwa na Abdullah bin Rawaha mpaka akauawa, kisha akaishika Khalid bin Walid. Mtu halindi kitambaa kwa roho yake isipokuwa anajua kwamba ni amana. Raia anayesimama juani na kipande cha shuka kilichoandikwa kwa rangi ya ukutani naye amebeba amana yake. Kisomeni kwanza kilichoandikwa. Kikiwa na uongo, jibuni kwa ukweli. Kikiwa na ukweli, tendeni.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliotangulia, azifariji nyumba zilizofiwa, na aijaalie nchi yetu kuwa ni nchi ambayo mwenye lalamiko anasikilizwa kabla hajalazimika kutoa vyombo vyake njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq.